Kiboksi cha njano si shule

Juzi mteja alinitandazia mezani brosha ya mradi mpya wa nyumba, akaweka kidole juu ya kiboksi cha njano na kuniambia, "Na shule hii hapa, watoto watakwenda kwa miguu." Nikamuuliza inafunguliwa lini. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kesho jua litachomoza au la.

Kazi yangu ni kuwakagulia watu nyumba na makaratasi kabla hawajatia saini. Kiboksi hicho nimeshakiona cha njano, cha bluu na cha zambarau. Kimoja kilichorewa hadi watoto wanaoruka kamba. Nimechoka kulisema jambo moja kwa mdomo kila wiki, basi leo naliandika.

Dhana: Kilichomo kwenye ramani ya mradi tutakikuta tukihamia

Ramani ya mpangilio inaonyesha ardhi imepangiwa matumizi gani. Haisemi nani atajenga, kwa fedha ya nani, wala mwaka gani. Mwendelezaji, yaani mwenye mradi, anajenga nyumba ili auze. Kwa upande wa shule, mara nyingi wajibu wake unaishia kwenye kutenga kiwanja au kutoa mchango. Kuinua majengo, kuajiri walimu na kuiendesha miaka nenda miaka rudi ni kazi ya mamlaka ya umma au ya mwekezaji mwingine kabisa, na hao wana bajeti yao na foleni yao.

Halafu kuna hesabu ya watu. Mwaka 1929 mpangaji miji wa Marekani, Clarence Perry, alipoandika juu ya mtaa unaojitegemea, aliweka shule ya msingi katikati na kuuzungushia watu kati ya 5,000 na 9,000. Unaweza kubishana na takwimu zake, lakini mantiki haijabadilika: huduma moja hubebwa na watu wengi. Sasa chukua awamu ya kwanza ya nyumba 80. Hata zikikaliwa zote na watu wanne wanne, hao ni watu 320, na wenye umri wa darasa la kwanza pengine hawajazi hata madawati mawili matatu. Nani afungue shule hapo?

Mwenye duka naye anapiga hesabu ileile, tena kwa ukali zaidi kwa sababu ni pesa yake. Nilimfahamu mmoja aliyekuwa akipita kwenye miradi mipya saa mbili usiku kuhesabu madirisha yenye taa. Habari kwamba nyumba zote zimeuzwa haikumshughulisha. Nyumba iliyonunuliwa na mtu anayesubiri bei ipande haili mkate.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba wakazi wenyewe, bila kujua, huisogeza mbali huduma wanayoingoja. Mwezi wa kwanza hakuna basi, familia inanunua gari la pili. Hakuna duka, wanazoea kununua vitu wakitoka kazini. Watoto wanabaki shule ya zamani. Miaka mitatu baadaye basi likiletwa kwa majaribio linazunguka tupu, linaondolewa, na watu wanalalamika kwamba wametelekezwa. Ndiyo maana basi linalofika siku ya funguo za kwanza, hata likiwa na abiria wanne, lina thamani kuliko kituo kizuri chenye paa kinachojengwa baadaye.

Ushauri wangu, ambao wateja wanaufahamu hadi wananicheka: soma vitenzi. "Imetengwa", "imependekezwa", "inatarajiwa". Vyote ni vitenzi visivyo na mtenda. Tafuta sentensi yenye mtu ndani yake: itajengwa na fulani, itaendeshwa na fulani, kabla nyumba ya mia na hamsini haijakaliwa. Sentensi za namna hiyo, kama zipo, huwa kwenye kibali cha ujenzi au kwenye makubaliano kati ya mwendelezaji na mamlaka. Kwenye brosha hutaziona. Huko utakuta maandishi madogo chini ya ukurasa yakisema picha ni za kuonyesha tu na mradi unaweza kubadilika. Uliza pia kiwanja kinakuwaje kama shule haikujengwa. Nimesoma makubaliano yanayosema ikipita miaka kadhaa bila mtu kujenga, ardhi inarudi kwa mwendelezaji. Hapo kiboksi cha njano kinageuka nyumba nyingine za kuuza.

Dhana: Kituo cha basi kiko dakika tano tu

Dakika za nani, na kuanzia wapi? Mtu mzima mwenye afya hutembea kama mita 80 kwa dakika, kwa hiyo dakika tano ni mita 400. Anayeandika tangazo hupima kutoka geti la mradi, na mara nyingine kwa mstari ulionyooka ambao ndege tu ndiye anayeufuata. Wewe nyumba yako iko mwisho wa mtaa uliofungwa, nyuma kuna ukuta. Unaliona paa la kituo kutoka dirisha la chumbani, lakini njia inakuzungusha hadi geti kuu, kisha kando ya barabara isiyo na kivuko. Nimewahi kupima nyumba ya namna hiyo: mita 150 kwa jicho, kilomita moja na zaidi kwa miguu.

Usibishane na dalali. Simama mlangoni pa nyumba unayotaka kununua, beba begi zito, anza kutembea. Fanya hivyo jioni ya siku ya kazi, giza likianza kuingia, uone taa za barabarani zinawaka au ni nguzo tu. Ukiweza kurudi tena mvua ikinyesha, bora zaidi.

Dhana nyingine, kwa ufupi, maana muda sina

"Maji yana nguvu, nimefungua bomba mwenyewe." Ulifungua saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini, na awamu mbili hazijaunganishwa. Kila mita 10 za kwenda juu hukupunguzia takriban bar moja (bar ni kipimo cha msukumo wa maji), kwa hiyo ghorofa ya juu ndiyo inayoumia kwanza. Uliza bomba kuu lilipigiwa hesabu ya nyumba ngapi.

"Bustani ya watoto ni ya bure." Kuna anayekata majani, anayebadilisha taa na anayekarabati bembea, na jina la malipo yao ni tozo ya huduma. Barabara za ndani pia, hadi mamlaka izipokee rasmi, zinaweza kubaki mzigo wa wakazi. Soma tozo inapandishwaje na nani mwenye kauli ya kuipandisha.

"Kuna miti mingi." Kwenye picha, ndiyo. Mche unaopandwa mwaka huu una unene wa kidole gumba na umefungwa kwenye fimbo. Kivuli kile cha kwenye picha ni cha miaka kumi au zaidi ijayo, kama utamwagiliwa.

"Tukiwahi tutachagua pazuri." Mtachagua, kisha mtaishi kando ya ujenzi hadi awamu ya mwisho iishe. Kabla ya kuchagua kiwanja, uliza malori yatapita barabara ipi. Barabara tulivu kuliko zote leo ndiyo mara nyingi njia ya kwenda awamu ya tatu.

"Anwani tunayo." Mnayo kwenye hati. Mtaa uliozaliwa juzi huchukua muda kuingia kwenye ramani za simu, na gari la wagonjwa linatumia ramani. Bandika karibu na mlango maelekezo mafupi ya kufika kwenu kutoka barabara kuu, yasomeke hata na mtoto au mgeni aliyeshika simu akiwa na hofu. Mistari mitatu inatosha: geti lipi, kona ya ngapi, mlango rangi gani.