Unataka kazi ya shirika? Usiukimbie utawala wa umma

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, simu zinaanza. Kijana wa Kasulu, mwingine wa Kibondo, mzazi wa Ujiji, wote na hoja ile ile: "Mwalimu, anataka kufanya kazi kwenye mashirika, sasa utawala wa umma wa nini? Si ni kozi ya wanaotaka serikalini?" Juzi nimeisikia tena, kwa kijana ambaye ameshachaguliwa na anataka kuhama kozi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye simu.

Naelewa imani hiyo inatoka wapi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, ipo tangu 1996. Aliyekulia jirani yake ameyaona magari meupe ya mashirika mara nyingi kuliko gari la mkurugenzi wa halmashauri, na ni rahisi adhani shirika ni himaya inayojitegemea. Haijitegemei. Kambi iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Mashirika yasiyo ya kiserikali yana Sheria Na. 24 ya 2002, na wilayani yanaripoti kwa afisa maendeleo ya jamii. Hayo utayasoma jioni moja ukayamaliza.

Kinachoniudhi hasa ni ikama, yaani idadi ya watumishi walioidhinishwa kwa kila kituo.

Chukua zahanati. Shirika linapata fedha za mfadhili, wananchi wanachangia mawe, mchanga na nguvukazi, jengo linasimama na bati zake za rangi na tangi la maji. Mwezi wa tisa utepe unakatwa. Nimesimama mbele ya jengo kama hilo masika yaliyofuata: kufuli mlangoni, kitanda cha kujifungulia bado kimevaa nailoni ya dukani, na mjamzito anapita kwa bodaboda kwenda kata ya pili. Hakuna aliyeiba hata mfuko wa saruji. Ila hakuna aliyeomba nesi kwa wakati.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Miezi mingi kabla ya hapo halmashauri inaandaa ikama na bajeti ya mishahara, mipango inaingizwa PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri, inapita kwa madiwani, inapita mkoa, ikama inajadiliwa Utumishi na Hazina, kisha Bunge. Ikishapita yote hayo, bado kinasubiriwa kibali cha ajira. Jengo ambalo halikuwamo kwenye mpango halina pa kushika likidai mtumishi Septemba. Dawa nazo hivyo hivyo: kituo ambacho hakijasajiliwa hakiwezi kuagiza Bohari ya Dawa ya serikali, hata kama Bohari ina ofisi ya kanda Tabora hapa. Mganga mkuu wa wilaya atafanya nini? Atahamisha nesi kutoka zahanati yenye wawili, abaki mmoja anayezalisha, anayechanja na anayeandika rejista peke yake.

Meneja wa mradi aliyesoma utawala wa umma sawasawa anamwona afisa mipango kabla ya kumwona fundi. Anauliza mshahara wa nesi utatoka kifungu gani na mwaka upi, na jibu linaandikwa kwenye makubaliano na halmashauri. Vijana wanalipia mafunzo ya kuandika maandiko ya miradi, nayo yana kazi yake. Lakini andiko zuri halijawahi kumpeleka mtumishi kijijini.

Sasa mambo ambayo vitabu vyetu vinayapitia haraka. Tunafundisha kwamba mipango inaanzia kijijini, wananchi wakiainisha fursa na vikwazo vyao, inapanda kata, inafika halmashauri. Ni kweli, lakini ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha, unateremka kutoka juu, na vipaumbele vingi vya kijiji hufia katikati. Kila nikichora hatua zile ubaoni najiuliza kama nawaandaa wanafunzi kwa halmashauri iliyopo au iliyoandikwa.

La pili ni dharura. Watu wakivuka mpaka kwa maelfu, hakuna wa kuwaambia wasubiri Julai wapate maji. Utaratibu uwekwe kando mpaka wapi, na nani aurudishe? Sina jibu ninaloliamini. Makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, yalifunguliwa kwa wakimbizi wa Burundi wa 1972. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi yale ya zamani, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walipata uraia, na maeneo yaliyokuwa chini ya Mambo ya Ndani kwa miongo ikabidi yaingizwe kwenye utaratibu wa kawaida wa serikali za mitaa. Dharura ilizaa kata.

Ajira siwezi kumwahidi mtu. Nafasi za serikali zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira zinagombewa mno, na mikataba ya mashirika huisha fedha za mfadhili zikikatika. Cheti na diploma zipo Chuo cha Utumishi wa Umma, kampasi ya Tabora. Shahada, angalia Chuo Kikuu Mzumbe.

Wakati unasubiri chuo, nenda mkutano mkuu wa kijiji chako. Unapaswa kufanyika kila miezi mitatu, na ukiwa na miaka 18 ni haki yako kuingia. Sikiliza taarifa ya mapato na matumizi, andika kila kilichoombwa. Mwezi wa saba mwone mtendaji wa kata, ulinganishe na kilichopita. Kwa kila kilichobaki nje, muulize kilikatwa ngazi gani.