"Mwalimu, Hii Hata Mwanangu Anaweza"

Nafundisha uchoraji na kutengeneza fremu hapa Kampala, na ukutani mwa karakana nimebandika chapa, yaani nakala ya kuchapwa, ya Blanco y Verde ("Nyeupe na Kijani"), mchoro wa mwaka 1959 wa Carmen Herrera, mchoraji wa kike wa maumbo na rangi tupu. Weupe mwingi, kijani kidogo chenye ncha, basi. Wateja hupita, hucheka, husema lilelile: "Mwalimu, hii hata mwanangu wa chekechea anaweza."

Haya, mleteni huyo mtoto. Nitampa kanvasi, rula, utepe wa gundi na rangi ya akriliki. Herrera alisomea usanifu majengo Havana kabla ya kuhamia New York mwaka 1939. Alianza na mchoro kwenye karatasi, akapima, ndipo akauhamishia kwenye kanvasi. Na mpaka safi wa rangi mbili hauji kwa kubandika utepe tu. Rangi hupenya chini yake na kuacha meno meno. Mimi hukandamiza ukingo wa utepe kwa ukucha, nikapaka kwanza rangi ileile iliyo chini ili izibe mianya, nikaiacha ikauke, ndipo nikaweka kijani, tabaka nyepesi nyepesi. Na acheni kununua utepe wa bei ya chini! Ulizeni mafundi wanaopaka magari rangi, wao wanaujua ulio mzuri.

Lakini hiyo ni mikono, na mikono hufundishika. Ugumu uko kwenye uamuzi. Isogeze pembetatu nyembamba kwa upana wa kidole, na weupe wote unaoizunguka unabadilika umbo: huku unalemea, kule unapwaya. Kwa Herrera weupe si nafasi iliyobaki baada ya kuchora, ni umbo lenye haki sawa na kijani. Asiyeamini akate pembetatu ya karatasi ya kijani, aitelezeshe juu ya karatasi nyeupe mpaka apate mahali inapotulia. Wanafunzi wangu huanza zoezi hilo wakicheka, na humaliza wakibishana. Herrera alishikilia mfululizo wa michoro ya Blanco y Verde tangu 1959 hadi 1971, rangi mbili zilezile. Mtoto wa chekechea hukaa na wazo moja kwa dakika ngapi?

Wengine wamesikia kwamba aliuza mchoro wake wa kwanza mwaka 2004, akiwa na miaka 89, wakahitimisha kuwa alianza uzeeni. Wapi! Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa Paris, akionyesha kazi kwenye Salon des Réalités Nouvelles, maonyesho ya sanaa ya dhahania. Ellsworth Kelly, mchoraji Mmarekani wa maumbo kama hayo, naye alikuwa mjini humo miaka hiyo, akarudi Marekani akawa maarufu. Herrera aliporudi New York, mwenye jumba moja la maonyesho, mwanamke mwenzake, alimwambia waziwazi kwamba hatamwonyesha kwa kuwa ni mwanamke. Jumba la makumbusho la Whitney, New York, lilimfanyia maonyesho makubwa mwaka 2016, akiwa na miaka 101. Alifariki mwaka 2022. Kuchora hakuchelewa, walichelewa wanunuzi.

Wengine husema: "Ni sanaa ya Wazungu." Herrera ni mzaliwa wa Kuba, kwanza. Pili, anayesema hivyo aangalie mkeka uliotandikwa sebuleni kwao, au avuke mpaka aone imigongo, michoro ya jadi ya wanawake wa Rwanda: pembe, mistari, nyeusi na nyeupe. Sidai Herrera alijifunza kwetu. Nasema tu jicho la huku lisijifanye geni kwa pembetatu.

La mwisho hunipotezea hela: "Iwekee fremu pana ya dhahabu, ssebo, ipendeze." Herrera alipaka rangi hadi kwenye pande za kanvasi, kwa sababu alitaka mchoro uwe kitu kizima kinachosimama ukutani. Fremu pana inaumeza upande huo. Kwa chapa ya karatasi, nakubali kioo na ubao mwembamba usio na nakshi, na kadibodi ya pembeni isiguse kabisa ncha ya pembetatu. Anayetaka dhahabu aniletee picha ya machweo ya Ziwa Victoria, hizo zinaivumilia.