Sindromu ya Werner si ugonjwa wa "watoto wazee"

Ukitaja ugonjwa wa kuzeeka mapema, wengi humfikiria mtoto mwenye kipara na uso wa babu. Hiyo ni projeria ya utotoni, inayotokana na jeni nyingine kabisa. Sindromu ya Werner, aliyoieleza daktari Mjerumani Otto Werner mwaka 1904, huwapata watu wazima.

Utotoni mgonjwa huonekana mzima. Dalili ya kwanza hupuuzwa kirahisi: akibalehe harefuki kama wenzake. Katika miaka ya ishirini mvi hutoka, nywele hunyonyoka na sauti hukwaruza. Akikaribia au kupita thelathini, mtoto wa jicho huziba macho yote mawili. Hapo ndipo wengi huanza kushtuka.

Kinachosumbua zaidi ni vidonda vya kifundo cha mguu na kisigino. Ngozi ya hapo hukakamaa, mafuta yaliyo chini yake hupungua, kwa hiyo hata kiatu kinachobana huacha jeraha lisilopona kwa miezi. Mgonjwa akipata na kisukari, hali huwa mbaya zaidi.

Wala si laana. Jeni ya WRN, iliyotambuliwa mwaka 1996, hutengeneza protini inayosaidia kukarabati DNA. Mgonjwa amerithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama, ambao kwa kawaida wenyewe ni wazima. Kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa huu.

Tiba ya kuuondoa haipo. Kinachofanyika ni kupima sukari, macho na moyo kila mwaka, kuwahi uvimbe wowote unaotiliwa shaka, na kutovuta sigara kabisa.