"Rule of thumb" haijatokana na fimbo ya kumpigia mke

Hii stori mmeshaisikia, eti zamani Uingereza sheria ilimruhusu mume kumchapa mkewe kwa fimbo isiyozidi unene wa dole gumba, na ndo maana Waingereza wanasema "rule of thumb", yaani kanuni ya kukadiria tu. Inanoga kusimulia ila si kweli. Sheria yenyewe haijawahi kuonekana popote. Kilichopo ni kwamba mwaka 1782 jaji Francis Buller alidaiwa kusema kitu kama hicho, watu wakamcheka, James Gillray akamchora katuni kabeba mafungu ya fimbo akiitwa Jaji Dole Gumba, basi jina likamganda. Sasa cheki tarehe: mahubiri ya James Durham, mchungaji wa Scotland aliyefariki 1658, yalichapishwa 1685 na humo tayari anawasema Wakristo walio kama wajenzi wajinga wanaojenga kwa kubahatisha, kwa "rule of thumb". Karibu miaka 100 kabla ya Buller! Inaelekea ni lugha ya mafundi tu, dole gumba badala ya rula, kama bibi zetu na shubiri zao. Wake kupigwa walipigwa kweli, na majaji wakafumba macho, ila msemo haukutokea huko.