"Ameshahama, Nitamsahau Tu" na Uongo Mwingine Kuhusu Krashi Aliyekuzidi Umri

Wiki hii peke yake nimeisikia mara tatu, watu watatu tofauti waliokuja kwangu kuomba ushauri, kwenye kiti kilekile, kuhusu krashi, yaani mtu unayempenda kimoyomoyo: "Ameshahama, kwa hiyo nitamsahau tu." Wote tumekuzwa na ile ya asiyekuwepo na lake halipo, basi mtu anakaa anangoja umbali umfanyie kazi, miezi inapita, anarudi kwangu yuko palepale na sasa ameanza kujiona ana kasoro. Jamani hapana.

Ukweli ni kwamba umbali unaweza hata kumkuza huyo mtu. Akiwa karibu unamuona amechoka, amenuna, anakatiza wenzake wakiongea, yaani anakuwa binadamu. Akiondoka unabaki na zile sura chache nzuri alizokuachia halafu kichwa kinajaza mapengo, na kinajaza asali tupu. Kama amekuzidi umri ndo zaidi, manake tangu mwanzo ulimuona ametulia, anajua maisha, na huko aliko unamchorea raha ambazo pengine hana. Tena hakuna kilichoanza kwa hiyo hakuna kilichoisha, hamkugombana, hamkuachana, huna hata siku ya kuishika useme ile ndo ilikuwa mwisho.

Halafu kahama kweli? Kikulacho ki nguoni mwako, na simu iko mfukoni. Kuna kijana nilikuwa naongea naye, kila asubuhi kabla hajashuka kitandani anaangalia hali ya hewa, sio ya kwao, ya mji aliohamia yule dada. Alikuwa anajua kule kunanyesha na hajui kama yeye mwenyewe atoke na mwavuli. Anaangalia stetasi, anaangalia dada kaingia onlaini saa ngapi, na siku akitumiwa kakopa kamoja chini ya picha anaishi nako wiki mbili. Hapo ndo penye mtego, zawadi isiyo na ratiba inamnasa mtu kuliko ya kila siku, kamari inanasa watu hivyohivyo. Kilomita zote zile zina kazi gani kama kila usiku unamrudisha chumbani kwa kidole gumba?

Kwa hiyo nawaambia wote, na nitaendelea kuwachosha nalo: ficha stetasi zake zisikutokee, futa mji wake kwenye simu, kisha chukua karatasi upige mstari katikati. Kushoto andika unayoyajua kwa kumuona au kumsikia mwenyewe, kulia andika uliyoyatunga. Yule kijana kushoto alipata mistari sita. Kulia ilibidi ageuze karatasi.

Mengine nayapitia haraka. Wapo wanaojikataza kabisa kumuwaza. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimuwaze dubu mweupe, wakashindwa, na waliporuhusiwa baadaye wakamuwaza kuliko hata wale ambao hawakukatazwa mwanzo. Wazo likija liache lipite, ila mkono usilifuate kwenye simu.

Dawa ya moto ni moto, tafuta mwingine? Huyo mwingine atakaa na wewe huku macho yako yako kwa aliyehama, anaumia asiye na kosa.

"Nikimwambia nitapata amani." Inategemea unatafuta nini. Kama unataka usikie hapana na uiamini, mwambie, mara moja, kwa maneno machache. Kama unaandika meseji ndefu ukitegemea atageuza moyo basi unaanza kungoja upya.

Na wewe unayesema miezi minne imepita bado unaumia kwa hiyo akili yako sio nzima: Dorothy Tennov, mwanasaikolojia aliyeipa hali hii ya kunata jina la limerensi miaka ya 1970, alikadiria kwamba mara nyingi inadumu kati ya miezi 18 na miaka 3, na inayoirefusha ni tumaini linalolishwa kidogokidogo. Miezi minne bado ni mapema.

Kuhusu umri, kumpenda aliyekuzidi sio ugonjwa wala utoto. Ila kama wewe una miaka 15, yeye ni mtu mzima, na anakuandikia usiku akikwambia usimwambie mtu, hiyo sio krashi tena. Usifute hizo meseji, mwonyeshe leo mtu mzima unayemwamini.