Tsunami haikufupisha siku zetu kiasi hicho

Barazani Mji wa Kale bado nasikia watu wakisema siku zimekuwa fupi tangu tsunami ya Desemba 2004, eti tetemeko la Sumatra liliongeza kasi ya dunia. Kuna chembe ya ukweli ndani yake. Tetemeko lile lilisogeza miamba mingi karibu kidogo na kitovu cha dunia, na kitu kinachozunguka kikijikusanya, huenda mbio zaidi. Mwambie mtoto azunguke mikono ikiwa imenyooshwa, kisha aikunje kifuani: utaona. Lakini wanasayansi walikokotoa kwamba siku ilipungua kwa sehemu chache tu za milioni ya sekunde. Hakuna binadamu awezaye kulihisi hilo.

Kwa muda mrefu, siku zinarefuka. Breki yenyewe tunaitazama kila siku pale Likoni, maji yakijaa na kupwa. Mwezi huvuta bahari, bahari husuguana na sakafu yake, na dunia hupoteza kasi: siku huongezeka takriban sehemu 2 za elfu ya sekunde kila karne. Barafu ya Greenland ikiyeyuka, maji yake husambaa hadi kwetu ikweta, mbali na mhimili, nayo hupunguza kasi pia.

Ushahidi ninaoupenda zaidi umo kwenye matumbawe. Yale ya miaka milioni 400 hivi iliyopita yana mistari ya ukuaji inayoonyesha mwaka wa siku zipatazo 400, kila siku ikiwa na saa 22 tu.