IMEI haionekani kwa setilaiti jamani

Sisi wageni huku Kampala, Wakenya, Watanzania, Wakongo, wengi bado tunaamini ukiibiwa simu pale Old Taxi Park ni kupeleka tu IMEI polisi, waitafute kwa setilaiti. Haiko hivyo. IMEI ni namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ina tarakimu 15, yenyewe haitumi chochote angani. Simu inaongea na minara, na ikijiunga inaonyesha IMEI yake na laini iliyomo, kwa hiyo ni kampuni ya simu ndo inaweza kuona laini gani mpya imewekwa, na polisi wanaomba hayo rasmi. Na mnara unaonyesha eneo tu, si nyumba. Ikizimwa au ikiuzwa vipuri, hakuna cha kufuatilia.

Ndo maana naomba sana, usianze kwa kumkimbiza mwizi, azima simu ya mtu upigie kampuni ya simu laini ifungwe pamoja na pesa zilizomo, alafu ingia akaunti yako ya Google uifunge simu yenyewe ikiwa bado iko hewani. Polisi uende pia, na barua yao uitunze pamoja na pasipoti, unaweza kuihitaji ukirudisha laini. IMEI unaipata kwa *#06# au kwenye boksi, iandike leo simu ikiwa bado mkononi.